Gemu la dola 70 kwa mshahara wa shilingi: inalipa au tunapigwa?

Mtu wa Segerea

Wakuu salaam. Naomba mawazo yenu na tafadhali yale majibu ya "kama huna hela acha" yawekeni pembeni, hela ninayo, ninachouliza ni kama inaenda mahali pa maana.

Nina PS5 (PlayStation, mashine ya magemu) ile yenye sehemu ya diski. Ugonjwa wangu ni mpira, na nyie mnajua kila mwezi wa tisa kampuni ya EA wanatoa lao jipya, tangu 2023 wameachana na jina la FIFA wanaliita EA Sports FC lakini mtaani bado ni fifa tu. Siku linatoka, kwenye stoo ya mtandaoni ya Marekani ni dola 70. Ukiibadilisha kwa dola ya sasa hivi, ukaweka makato ya kadi, na yule kijana anayekuuzia vocha na yeye ale kidogo, unakuta imefika laki na themanini na ushee. Huku kwetu hiyo ni kodi ya chumba miezi miwili, mitatu kama choo cha kuchangia. Na ukilitazama vizuri ni mpira uleule wa mwaka jana, jezi mpya, usajili mpya, menyu wamebadilisha rangi, basi.

Mama watoto aliona meseji ya muamala akaniuliza "kwani lile la mwaka jana limeharibika?" Nikakosa cha kumjibu mpaka leo.

Sasa swali langu, mlaji wa kawaida, sio mtu wa mashindano wala wa kujirekodi YouTube, mtu anayecheza usiku watoto wamelala na wikendi shemeji akija, anapata thamani ya hela yake kwenye haya magemu ya bei kali? Na nyie wenzangu mnafanyaje?

Kibanda cha Mbagala

Mkuu mimi naishi kwa hii kitu kwahiyo ntakujibu kama mfanyabiashara. Nina kibanda cha magemu, TV nne, PS5 moja, PS4 mbili na PS3 moja ya wale watoto wadogo, mechi moja jero, ukitaka muda ni buku kwa nusu saa. Kwangu mimi gemu jipya la mpira linalipa, tena linalipa haraka, na sio kwa sababu ni zuri. Mteja akiingia akikuta Mbappe bado amevaa jezi ya PSG anaangalia wenzake, anacheka, anatoka, anaenda kwa jirani yangu pale kona. Ameshaondoka PSG tangu kiangazi cha 2024 na dogo wa darasa la sita analijua hilo kuliko mimi. Kwahiyo mimi sinunui gemu, nanunua usajili. Kuna vijana wanapita na eksteno (diski ya kuhifadhia ya nje) wanakuwekea timu mpya juu ya gemu la zamani kwa bei ya kawaida tu, siwezi kusema zaidi hapa mnaelewa.

Sema nikuambie kitu ambacho watu hawakihesabu, gharama yangu kubwa sio gemu, ni pedi, zile za kushika mkononi kuchezea. Kitufe cha R2 ndio kinakufa cha kwanza, kwa sababu kwenye fifa R2 ndio kukimbia, na vijana wetu wanakimbia dakika zote tisini, hata kipa akidaka mtu bado ameikandamiza tu. Ikifa hiyo inafuata ile analogi (kijiti) ya kushoto, mchezaji anaanza kutembea mwenyewe anaelekea kwenye kibendera cha kona na mteja anagoma kulipa anasema kafungwa na pedi. Pedi orijino bei yake unaijua, na zile feki hazimalizi mwezi. Wewe wa nyumbani pedi moja itakupeleka miaka, kwahiyo ushukuru.

Lakini kama mimi ningekuwa wewe, mtu wa nyumbani, laki na themanini kwa fifa? Kila mwaka? Aisee hapana.

Hesabu Kwanza

Hapo hapo Kibanda umenirahisishia. Buku kwa nusu saa, maana yake saa moja ni elfu mbili. Gawanya laki na themanini kwa elfu mbili unapata saa 90. Yaani Mtu wa Segerea akicheza zaidi ya saa 90 kwa mwaka mzima ameshaishinda bei ya kibanda, na mtu mwenye ugonjwa wa mpira saa 90 anazimaliza kabla ya Krismasi. Umeme nao sio wa kutisha, PS5 kwenye gemu zito inavuta kama wati 200 hivi, saa tano ndio yuniti moja ya LUKU, bila kuhesabu TV. Nitajie starehe nyingine mjini hapa unayoipata kwa elfu mbili kwa saa. Bia moja hiyo haifiki hata nusu saa kwa watu fulani ninaowajua.

Alafu watu wanalia bei imepanda, imepanda wapi? Magemu makubwa yalikuwa dola 60 tangu enzi ya Xbox 360 na PS3, mwaka 2005/2006 huko, yakakaa hapo hapo mpaka 2020 PS5 ilipoingia ndio ikawa 70. Miaka kumi na tano bei haijasogea! Nyinyi taja kitu kingine dukani ambacho bei yake imeganda miaka kumi na tano. Na huku gemu lenyewe limekuwa kubwa mara ngapi, watu mia kadhaa wanalitengeneza kwa miaka mitano.

Mtu wa Segerea

Hesabu Kwanza nakuelewa ila hiyo hoja ni ya Mmarekani. Mwaka 2006 dola ilikuwa elfu moja mia mbili na kitu. Dola 60 ya wakati ule ilikuwa kama elfu sabini na tano. Leo dola 70 ni laki na sabini na kitu kabla hujamlipa mtu yeyote. Kwao bei iliganda, kwetu imepanda zaidi ya mara mbili.

Hesabu Kwanza

Sukari nayo imepanda zaidi ya mara mbili mkuu. Na mshahara wako sio wa 2006.

Mtu wa Segerea

Mshahara wangu tuuache 😂

Msee wa Githurai

Niaje watu wa Bongo. Hiyo hesabu ya masaa mi siikubali kabisa, na wasee wengi wanaitumia vibaya. Ukisema gemu ni nzuri kwa sababu ina masaa mia unawapatia hizi kampuni sababu ya kujaza maji kwa supu. Na ndio wanafanya! Unapata gemu ya dunia kubwa, unapanda mnara, ramani inafunguka, vialama mia moja vinatokea, kusanya manyoya, kusanya makasha, ua majambazi wa kambi ya kumi na saba ambayo ni sawa tu na kambi ya kwanza. Hayo masaa yako umekaa hapo kama mtu wa kazi ya mkono, alafu unajipongeza ati umepata bei poa kwa saa. Mi nimecheza gemu fupi za wikendi moja zikanikaa kichwani mwaka mzima, na nimecheza za masaa themanini nikazifuta kwa mashini kabla ziishe na sikumbuki hata jina ya yule jamaa ni nani.

Swali poa ni, ukizima, kuna kitu kimebaki?

Na sio lazima iwe ya dola 70. Stardew Valley ni dola 15, imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, akiwa peke yake kwa miaka, ikatoka 2016 na mpaka leo anaongeza vitu bure, 2024 aliachilia apdeti kubwa hakuitisha mtu hata ndururu. Hollow Knight Silksong ilitoka Septemba 2025 kwa dola 20, watu wakaingia stoo zote kwa mkupuo zikalala, Steam (stoo ya magemu ya kompyuta) ikalala, PlayStation ikalala, ya Nintendo pia. Gemu ya timu ndogo ya Australia! Wakati huo huo Nintendo wanauza Mario Kart World dola 80. Sasa niambie ile 80 na hii 20, gani mlaji anaibiwa.

Fifa nayo ni hadithi ingine. Buda, nani alikuambia ununue Septemba? Ngoja Black Friday mwezi wa kumi na moja tu hapo, inakuwa karibu nusu bei kila mwaka bila kukosa. Ukingoja mpaka ligi iishe ni bei ya kutupa. Ile FC 24 walipeana kwa PS Plus, ile huduma ya kulipia ya PlayStation, Mei 2024, walionunua siku ya kwanza walilipa sabini kwa kitu ambacho miezi saba baadaye kilikuwa kwa kifurushi. Siku ya kwanza unalipia uharaka tu.

Kibanda cha Mbagala

Githurai umeongea. Ila ongeza na hii, sisi bei inatuuma kwa sababu ya tulikotoka. Sisi wote hapa tumelelewa na PS2 iliyochipiwa isome diski za kuchoma, unaenda Kariakoo na elfu tano unarudi na magemu matatu kwenye nailoni, lile la mpira la Winning Eleven mtangazaji anapiga kelele Kijapani na sisi tunamuiga hatujui anasema nini. Mtu aliyezoea gemu la buku mbili ukimwambia laki na themanini lazima aone anaibiwa. Hatujawahi kuijua bei yake halisi.

Da Nuru

Mnabishana bei na hakuna hata mmoja aliyeuliza mnanunua nini hasa. Mkibonyeza "nunua" kwenye stoo ya mtandaoni hamnunui gemu, mnapewa ruhusa ya kulicheza mpaka mwenye nalo atakapoamua vinginevyo. Someni yale masharti marefu mnayoyakubali bila kusoma.

Mfano wa wazi ni The Crew, gemu la magari la Ubisoft, lilitoka 2014. Lilikuwa linahitaji seva, yaani kompyuta za kampuni huko mtandaoni, hata kama unacheza peke yako. Mwisho wa mwezi wa tatu 2024 wakazima seva, gemu likafa, mwenye diski yake kabatini ana sahani ya plastiki. Hapo ndipo Ross Scott wa YouTube akaanzisha ile kampeni ya Stop Killing Games, wakakusanya saini Ulaya zikapita milioni moja mwaka 2025, wanachodai sio seva ziwake milele, wanadai kampuni ikiondoka iache gemu katika hali ya kuchezeka. California nao wana sheria imeanza 2025, muuzaji wa kidijitali haruhusiwi kutumia neno "nunua" hivi hivi bila kumwambia mteja wazi kwamba anachopata ni leseni.

Na sisi wa huku tuna tabu ya ziada. Sony, wenye PlayStation, hawana stoo ya Tanzania wala ya Kenya. Akaunti zetu zote zimesajiliwa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini kwa anuani ambazo hatujawahi kuzikanyaga. Mkumbuke gemu la Helldivers 2, mwezi wa tano 2024, Sony walisema wanaolicheza kwenye kompyuta lazima wafungue akaunti ya PlayStation, ghafla gemu likaondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma hiyo. Watu walishalipa dola 40 zao. Kelele zikawa nyingi Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache, lakini mmeona jinsi tulivyo wageni kwenye nyumba tunayolipia.

Kwahiyo jibu langu kwa mleta mada, laki na themanini kwa diski ni sawa nitafikiria. Laki na themanini kwa kitu cha mtandaoni kilichofungwa kwenye akaunti ya anuani ya uongo, hapana.

Jembe Halitupi

Laki na themanini. Mbolea hiyo mifuko miwili na chenji inabaki. Watu wazima mna familia mnashindana na mashine usiku kucha 🤦🏾

Hesabu Kwanza

Na wewe simu uliyoandikia hapa ungenunua mbolea mifuko mingapi?

Jembe Halitupi

Simu inanipa bei ya mahindi. Wewe fifa inakupa nini?

Msee wa Githurai

Inampa sababu ya kukaa kwa nyumba jioni, muulize bibi yake kama hiyo si faida 😂

Mama Twins

Naomba niingilie nyie wanaume. Mnaongelea ya dola 70 kana kwamba ndio yanayotumaliza, mimi kwangu lililonimaliza ni la bure. Mwanangu wa miaka kumi na mbili anacheza Free Fire kwenye simu yangu ya zamani, linadaunlodiwa bure, nikasema afadhali. Kumbe ndani kuna daimondi, na daimondi ni za kununua, za kumvalisha yule mtu wake nguo na miwani na ngozi ya bunduki. Yaani bunduki inavalishwa! Mradi ing'ae. Alikuwa anakusanya hela ya andazi ya shule anampa kijana wa duka la vocha anamwekea. Nilipopiga mahesabu ya muhula mmoja pale dukani na daftari la kijana mwenyewe, wallahi ningeweza kumnunulia lile la laki na themanini na likabaki la soda.

Alafu ukimuuliza anakwambia "mama darasani asiye na ngozi wanamwita boti", yaani mchezaji bandia wa kompyuta. Sasa hapo unamfanyaje mtoto.

Da Nuru

Pole dada yangu. Na sio Tanzania tu. Fortnite nalo ni la bure, na mwishoni mwa 2022 kule Marekani tume yao ya biashara, FTC, iliwabana Epic wenye gemu hilo wakakubali kulipa dola milioni 520, na katika hizo milioni 245 ni za kuwarudishia wachezaji kwa sababu vitufe vilipangwa kiujanja mtu anabonyeza ananunua bila kukusudia, watoto wakiwemo. Ubelgiji wao 2018 walisema yale makasha ya kubahatisha, unalipa hujui ndani kuna nini, ni kamari, mwaka uliofuata EA wakaacha kuuza zile pointi za fifa nchini kule.

Kwa hiyo simu, nenda kwenye mipangilio ya stoo weka nywila kwenye kila ununuzi. Kwa kijana wa duka hakuna mpangilio, nenda mwenyewe umwambie.

Mama Twins

Kijana wa duka nilishaenda 😤 hatonisahau.

Msee wa Githurai

Mama Twins ameleta point kubwa sana na inarudi kwa mleta mada. Fifa unalipa 70 kwa mlango, alafu ndani kuna Ultimate Team, unanunua pakiti za wachezaji kama kamari tu, unajenga kikosi mwaka mzima, Septemba inafika, gemu mpya, kikosi chako hakihami. Unaanza na mabeki wa ligi ya chini tena. Kama mtu anacheza hiyo modi bei yake si 70, ni 70 na kitu ambacho hataki bibi ajue.

Mtu wa Segerea

Hapana hiyo Ultimate sigusi, mimi ni mtu wa ukocha, nachukua timu ya daraja la pili Uingereza naipandisha. Naanza na vijana wa akademi, nauza mmoja kila msimu. Nina Portsmouth yangu imefika nusu fainali ya Ulaya, shemeji hataki kuamini.

Hesabu Kwanza

Basi kama ni mtu wa ukocha hoja ya kununua kila mwaka imekufa yenyewe. Kwenye ukocha baada ya misimu mitatu wachezaji wote wa kweli wamezeeka, nusu ya wachezaji wako ni majina yaliyotungwa na kompyuta. Unanunua usajili mpya wa nini wakati msimu wa tano Mbappe amefikisha miaka 30 yuko Saudia? Mimi nanyoosha mikono, kwa mtu wa aina yako nunua moja, ruka miaka miwili, nunua tena. Saa zako 90 zinakuwa 270 kwa bei ileile.

Mzenji Muscat

Asalaam alaykum jamaa. Mimi nipo huku Oman, nikija likizo Unguja mabegi yangu nusu ni diski za watu, kwahiyo nyamazeni niseme la faida.

Diski ndio mpango mzima kwa mtu wa PS5 yenye sehemu ya diski. Huku maduka yanauza mtumba, unaleta gemu lako ulilolimaliza wanakukata kidogo unachukua lingine. Gemu la hadithi, lile la kumaliza mara moja, ukilinunua mtumba ukalimaliza ukaliuza, ulicholipa hasa ni ile tofauti, na mara nyingi ni hela ya chakula cha mchana. Hilo kwa la kidijitali halipo kabisa, hulirithishi, huliuzi, humuazimi jirani. Na ndio maana wanaikimbia diski, ile PS5 Pro ya 2024 ya dola 700 imekuja bila sehemu ya diski, ukitaka unainunua mbali. Dola mia saba na tundu la kuingizia diski ununue mwenyewe!

Diski ya PS5 ya nchi yoyote inaingia kwenye mashine ya nchi yoyote, usidanganywe na muuzaji anayekwambia hii ya Ulaya haitasoma. LAKINI, vile vya kuongeza, ramani mpya, wachezaji, pointi, vinafuata eneo la diski. Diski ya huku Ghuba na akaunti ya Marekani, gemu litawaka vizuri, ila ukinunua nyongeza kwenye stoo ya Marekani haitashikana nalo. Watu wamepoteza hela hapo wakadhani stoo imewaibia.

Na kabla hujatoa hela igeuze diski kwenye mwanga. Mikwaruzo ya kuzunguka ndio mibaya, ya kutoka katikati kwenda nje ina nafuu. Diski ya PS5 ni Blu-ray, uso wake mgumu kuliko zile za PS2, ila tabaka lenye data liko karibu sana na huo uso, ikichimbika imekwenda.

Kibanda cha Mbagala

Mzenji hapo kwenye mwanga umeongea kama fundi. Mimi huwa nadai tuliweke mpaka lijinakili lote kwenye mashine kisha tucheze mechi moja, sio kuangalia menyu tu. Diski mbovu inaanza vizuri inagoma kabla haijamaliza kujinakili.

Mtu wa Segerea

Aisee huu uzi umenisaidia kuliko nilivyotegemea. Swali la mwisho mwisho, nikinunua diski ya mtumba ya fifa ya mwaka jana, nikitaka kucheza na rafiki yangu aliyeko Dodoma onlaini, lazima PS Plus? Maana hiyo nayo naona ni hela nyingine.

Msee wa Githurai

Lazima. Na mwaka mzima ile ya chini kabisa ni dola 80 tangu wapandishe 2023, ilikuwa 60. Yaani gemu mtumba bei rahisi alafu ruhusa ya kucheza na rafiki ni ghali kuliko gemu mpya. Kama lengo ni huyo msee wa Dodoma tu, nyinyi wawili wekeni eFootball. Ni bure, na gemu za bure kwa PlayStation hazidai Plus. Ilipotoka 2021 ilikuwa aibu, nyuso za wachezaji zilikuwa zinatisha watoto, watu wakaipa alama mbaya kuliko gemu zote Steam wakati huo, lakini wameirekebisha pole pole saa hii inachezeka fiti. Ubaya haina Master League, ni kadi kadi tu, kwahiyo ukocha wako utabaki fifa.

Hesabu Kwanza

Na bando mkuu, usisahau. Diski ya mtumba ukiiweka tu itadai apdeti za mwaka mzima, ni magigabaiti mengi. Kama huna faiba mwekee usiku kwa yule jirani mwenye nayo, mpelekee mashine kabisa.

Mtu wa Segerea

Jirani ninaye, ana faiba na hana PS, tutaelewana. Kwahiyo nimepata hivi: FC ya mwaka huu sinunui, natafuta diski ya mwaka jana, onlaini naenda eFootball. Na ile hela inayobaki nimjaribu huyu Silksong wa dola 20, mmenitia hamu.

Da Nuru

Silksong ni gumu mno nakuonya. Anza na Hollow Knight lenyewe, la 2017, ni dola 15 na kwenye ofa linashuka sana. Usije ukavunja pedi ukarudi hapa kumlaumu mtu.

Kibanda cha Mbagala

FC 25 ya diski ninayo, ya PS5, nilichukua kwa mteja niliyekuwa namdai. Imenyooka. Njoo na elfu 50 Jumamosi asubuhi kabla ya saa nne, baada ya hapo watoto wanajaa hatutasikilizana.

Mtu wa Segerea

Arobaini.

Kibanda cha Mbagala

45 na unacheza mechi moja na mimi kuijaribu. Ukifungwa ni 50.

Mtu wa Segerea

Pedi ipi? Isije ikawa ile R2 imekufa.

Kibanda cha Mbagala

Utachagua mwenyewe.